Studio wasema baba aliwauzia nyimbo, mkataba hawataki kuuonyesha

Kibokoni_84: Asalaam aleikum wadau. Marehemu baba alikuwa mtunzi wa taarab hapa Mombasa. Studio iliyomrekodi inauza nyimbo zake mtandaoni, yadai aliwauzia haki zote kwa maandishi. Barua za usimamizi wa mirathi ninazo, kesi iko mahakamani. Tukiomba mkataba, tunaambiwa ni siri ya biashara. Nilicho nacho ni picha ya simu ya ukurasa wa kwanza tu, sahihi haionekani. Na wao wanataka madaftari yote ya mzee, ambayo ndani mna mashairi, madeni ya duka na mambo ya nyumbani. Nifanyeje?

WakiliMtaani: Pole ndugu. Sheria ya Hakimiliki, kifungu cha 33: kuhamisha hakimiliki hakuna nguvu bila maandishi yenye sahihi ya anayehamisha au ya mtu aliyemwakilisha. Anayedai kununua na atoe karatasi! Hiyo "siri" haina mashiko kwa waraka wanaoutegemea wenyewe. Kama ni bei wanaificha, waombe ionwe na mawakili peke yao.

Wakili wako awapelekee notisi ya kutoa waraka, kifungu cha 69 cha Sheria ya Ushahidi. Wakikaidi, aombe kutumia ile picha, pamoja na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, yaani karatasi ya kueleza picha ilipatikanaje na kwa kifaa gani (kifungu cha 106B cha sheria hiyo hiyo). Kisha aombe amri ya mahakama ya kuwataka watoe nyaraka, chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai. Asiandike "nyaraka zote", ombi la hivyo hutupwa upesi. Ataje mkataba wenyewe, kurasa zote, na risiti za malipo.

BintiMvita: Mwachelewa! Nenda KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ukasajili nyimbo leo leo.

WakiliMtaani: @BintiMvita asajili, si vibaya, ila hakimiliki haizaliwi na usajili. Cheti kilichotoka kesi ikiendelea hakimtishi mtu.

MzeeGanjoni: Mimi naogopa jengine. Mkataba ukikosekana, watageuka waseme nyimbo waliziagiza na kuzilipia. Kifungu cha 31 humpa mwagizaji hakimiliki ikiwa hamkupatana vingine. Hapo ndipo madaftari yatakapokufaa, maana wimbo ulioandikwa kabla mzee hajaijua studio haukuagizwa nao. Tena usigombanie kanda. Rekodi yaweza kuwa yao, maneno na muziki vikabaki vya baba yako. Hizo ni haki mbili.

Madaftari usiyakabidhi. Wape nakala za kurasa zenye nyimbo, asili wazikague kwa wakili wako. Na usichane hata ukurasa mmoja, utaonekana unaficha.

Kibokoni_84: Shukran mzee. Kuna kurasa zina wimbo mbele, nyuma ni hesabu za sukari na unga.

MzeeGanjoni: Nakili pande zote mbili. Majina ya wadeni yafunike kwenye nakala, umwambie wakili wao kuwa umeyafunika na kwa nini. Tarehe ziache wazi, hizo ndizo unazozitaka jaji azione.