Binti anapenda baiolojia na Kiswahili, ni lazima aache kimoja?

MamaNeema_Moro:
Wadau habari za jioni. Binti yangu kamaliza fomu foo, Baiolojia A, Kiswahili A, Historia B. Walimu wamemwambia achukue PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na hizo ngonjera aachane nazo, mwenye kichwa hapotezi muda na hadithi. Ana daftari la mashairi anaandika tangu darasa la sita, jana nimelikuta kalificha chini ya nguo za zamani kwenye begi, imeniuma jamani. Mimi niliishia la saba naombeni ushauri, ni kweli ukisoma sayansi lugha haina kazi tena?

Dirisha_la_Dawa:
Dada hongera kwa matokeo. Mimi ni mfamasia mwaka wa 11 huu. Nilipoanza kazi nilimpa bibi mmoja vidonge 15 vya siku 5, nikamwambia bibi utameza kimoja kila saa nane. Akaitikia vizuri, haya mjukuu wangu. Siku ya sita huyo karudi kifua kimezidi, nafungua bahasha vidonge 10 vimo. Kumbe kila siku ikigonga saa nane mchana anameza kimoja basi, tena kwa uaminifu kabisa hakuruka hata siku moja! Dawa ilikuwa sahihi, hesabu sahihi, sentensi yangu ndio iliyomuumiza yule mama wa watu. Tangu hapo nasema saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, halafu namwomba mgonjwa anirudishie kwa maneno yake mwenyewe. Hilo kwenye kemia sikufundishwa. Usimwache binti atupe lile daftari.

Mwana_wa_Butembo:
Umenikumbusha mbali ndugu. Huku Kivu Kaskazini, Kongo, Ebola ilianza Agosti 2018 mpaka Juni 2020, walikufa watu zaidi ya 2,200 na chanjo ilikuwepo. Watu walikuwa wanawaficha wagonjwa ndani, vituo vya matibabu vilishambuliwa, maana mtu wako akishaingia kwenye hema humuoni tena, unakuja kuletewa mfuko umefungwa zipu unaambiwa zika. Guinea, Liberia na Sierra Leone walishayapitia hayo 2014, ikabidi waitwe wataalamu wa mila wakae na familia wawaulize nyinyi maiti mnamuaga vipi. Ndio mazishi yakabadilishwa, ndugu wanaona, wanasali, na kirusi hakiwapati. Huku kwetu Kivu, mjini Beni, wakaleta vyumba vya plastiki angavu, mama anasimama nje anaongea na mwanawe wanaonana macho kwa macho. Bila watu wa namna hiyo chanjo inabaki kwenye friji.

Kidato_cha_Sita:
Yote kweli ila tumwambie mama na upande wa pili. PCB ni nzito, akigawanya akili sana udaktari atausikia kwa wenzake. Achukue PCB, au CBG (kemia, baiolojia, jiografia) kama fizikia inamkataa, mashairi aandike wikiendi na kwenye klabu ya Kiswahili. Asiache ila ajipange.

MamaNeema_Moro:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea ya bibi na saa nane, kacheka, halafu akanyamaza, akaniuliza mama, yule bibi alipona? Mfamasia tusaidie, hajalala anasubiri jibu.

Dirisha_la_Dawa:
Mwambie alipona. Daktari alimwanzishia dozi upya, na bahasha ya pili nilimchorea jua linachomoza, jua la utosini na mwezi.