Berlin na mama mzazi: Ijumaa hadi Jumatatu, tuone nini?

Kutoka: Baba Asha, Almere

Ndugu zangu, salaam, na poleni na majukumu.

Mama mzazi yuko kwetu tangu mwezi wa tatu, kaja kuona wajukuu. Kabla hajarudi Lindi tungependa tumtembeze Berlin, tufike Ijumaa jioni, tuondoke Jumatatu mchana. Treni ya moja kwa moja kutoka Amsterdam ipo, ni mwendo wa saa sita hivi. Tutakuwa watano: mimi, mke wangu, mama na watoto wawili, mkubwa ana miaka 12 na mdogo 9.

Nimepekua kurasa za watalii, zote zinaimba wimbo mmoja: geti la Brandenburg, rundo la makumbusho, kisha baa za usiku. Mama ana magoti, ngazi nyingi hawezi, na baa si mambo yake. Viza yake katoa Mholanzi. Je, Ujerumani itamsumbua? Na mwenye mtu mzima na watoto aanzie wapi? Naomba maneno ya wenyeji.

Kutoka: Mama Tatu, Wedding

Baba Asha, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama.

Viza isikutie hofu. Kama ni ya kawaida ya Schengen, yaani ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ambayo haikuwekewa mpaka wa nchi moja, anaingia bila kuomba nyingine. Kinachohesabiwa ni siku: 90 ndani ya kila siku 180, na zinakwenda zote kwenye kapu moja, awe Almere au Berlin. Lakini pasipoti abebe. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi hupita ndani ya treni. Nanyi bebeni vibali vyenu vya ukaazi vyenyewe. Picha ya kwenye simu haikusaidii kitu.

Sasa matembezi. Mji huu ni mpana, na wageni wengi huumaliza kwa kuzunguka na ramani hadi miguu iwake moto. Mimi wageni wangu nawashikisha mstari mmoja wa treni ya chini, U6, ule wa zambarau. Vitu vinavyotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki, mji huu umevipanga karibu vyote kandokando ya mstari huo, na nina hakika hakuna aliyekusudia.

Mtu wa Lindi aanzie kituo cha Naturkundemuseum, kwenye makumbusho ya historia ya asili. Humo ndimo alimo yule mjusi wetu, dinosaria wa Lindi, anayegombewa bungeni Tanzania kila baada ya miaka michache. Usidhani utamtafuta: ukivuka mlango, ukumbi wa kwanza, ndiye huyo. Ana urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani, na hakuna duniani kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa kirefu kuliko hicho. Mifupa ilichimbwa Tendaguru, huko huko Lindi, kati ya 1909 na 1913. Watoto wataangalia shingo. Wewe wasimulie habari ya mizigo. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe ziliteremshwa hadi bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa porini, na wachimbaji na wapagazi walikuwa mamia. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wakubwa wa Kijerumani, Janensch na Hennig, utawakuta kwenye kila kitabu. Huyu Boheti jina lake limeanza kutajwa juzijuzi tu. Na ukumbuke kilichotangulia. Vita vya Maji Maji viliisha 1907, njaa ikafuata, nchi ya kusini ikabaki mahame. Miaka miwili baadaye hao hao walionusurika ndio waliobebeshwa mifupa.

Pembeni yake wapo wadogo wa Tendaguru hiyo hiyo: Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni (mdogo wako atampenda huyo kuliko yule mrefu) na Dicraeosaurus. Jumatatu pamefungwa, kwa hiyo nendeni Jumamosi asubuhi mapema kabla familia za hapa hazijaamka.

Magoti ya mama: kutoka stesheni kuu msishuke chini kabisa. Tokeni nje mpande tramu M8 au M10 pale Invalidenstraße. Ni ya usawa wa barabara, na vituo ni vichache.

Mkitoka hapo pandeni U6 kuelekea kaskazini, mshuke Rehberge. Huku ndiko kwetu, mtaa wanaouita wa Kiafrika. Kuna Sansibarstraße, kuna Ugandastraße, kuna Usambarastraße. Majina yanatokana na ukoloni, mengine yalitundikwa kwa kujisifu. Kulikuwa na barabara ya Carl Peters, yule ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Baada ya ubishi wa miaka mingi, Agosti 2024 vibao vyake viling'olewa, na kipande kimoja cha barabara sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Mpige mama picha chini ya kibao hicho. Hakuna mnara, hakuna tiketi, hakuna duka la zawadi. Ni maghorofa ya kawaida na watu wanaotoa mbwa. Mbele kidogo kuna bustani kubwa ya Rehberge, watoto wakimbie, nyie mkae mbavuni mwa ziwa mle chapati zenu.

Kutoka: Mzee wa Steglitz

Mama Tatu umesema vema, lakini unataka kumrudisha bibi wa watu Lindi hajaona geti la Brandenburg? Majirani wakimwuliza atasema nini, kaona kibao cha barabara?

Geti ni dakika kumi, piga picha, ondoka. Kilicho na maana ni kuba la kioo juu ya bunge, hapo hapo jirani. Kuingia ni bure, ila lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya bunge, jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja, watoto nao, kisha uje na pasipoti. Nafasi za wikendi huisha haraka. Lifti inawapandisha hadi paani, na ndani ya kuba hakuna ngazi: ni njia ya kuzunguka inayopanda taratibu. Mama akichoka anakaa chini, nyie mnapanda. Chagueni saa ya machweo.

Kutoka hapo kuna jambo watalii hawaambiwi. Fuateni Wilhelmstraße kusini. Mbele ya namba 92 kuna ubao wa maelezo ya Mkutano wa Berlin. Jumba lenyewe lilikuwa hapo, na ndani yake, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa ya Ulaya na wenzao waliwekeana kanuni za kuigawana Afrika, na Mwafrika hata mmoja hakualikwa mezani. Jumba halipo, siku hizi ni fleti za watu. Mimi mwenyewe hupapenda kwa sababu hiyo: unasimama mahali palipokatwa nchi yako, mbele yako mtu anashusha mifuko ya sokoni. Barabara inayokatiza hapo karibu ilikuwa na jina la kutukana watu weusi. Tangu Agosti 2025 inaitwa Anton-Wilhelm-Amo-Straße, kwa heshima ya mwanafalsafa aliyezaliwa nchi ambayo leo ni Ghana, akasomesha vyuo vya Halle na Jena karne ya 18.

Makumbusho ya Pergamon, ambayo kila kitabu cha zamani kinayasifu, yamefungwa tangu Oktoba 2023. Sehemu moja itafunguliwa 2027, nyingine ni mpaka 2037, mungu akitupa uhai. Na ile Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia makumbusho bure ilifutwa mwisho wa 2024. Msije na hesabu hizo.

Checkpoint Charlie, kile kituo cha ukaguzi cha enzi za Ukuta wa Berlin, mpite mkiwa kwenye basi.

Kutoka: Binti wa Kisauni, Neukölln

Wazee wangu shikamooni. Nyie mwasema mifupa na mikutano, hawa watu watakula nini?

Baba Asha, chakula hapa si shida hata kidogo, Waturuki wametutilia baraka. Doner ni kila kona na wengi huchinja halali, ila uliza, usione haya. Ile soseji ya mchuzi wa binzari inayosifiwa, karibu yote ni nguruwe. Ikiwa mtawahi kufika Ijumaa mchana, kuna soko la Maybachufer kando ya mfereji, Jumanne na Ijumaa: zeituni, mikate ya moto, matunda ya kupigania bei wakati wa kufunga. Mama atajiona yuko gengeni. Jumapili karibu maduka yote yafungwa, kwa hivyo maziwa na mkate wa watoto nunueni Jumamosi. Na mtoke na pesa taslimu mfukoni, wauzaji wadogo wengi hawataki kadi.

Chupa na mikebe msitupe! Chupa ya plastiki ya kutupwa ina senti 25 zako ndani, warudisha kwenye mashine dukani. Watoto wape kazi hiyo, watawalipia aiskrimu wenyewe.

Tiketi: kuna ya kikundi ya saa 24, watu hadi watano, nyie mko sawasawa. Ikiwa ya karatasi, igongeni kwenye kisanduku kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, hujui ni nani mpaka mlango ufungwe, na faini ni yuro 60 kwa kichwa. Kusema wewe mgeni hakusaidii, wameshasikia lugha zote.

Jumapili wapelekeni Tempelhof, U6 hiyo hiyo ya Mama Tatu, upande wa kusini. Ulikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa 2008, sasa ni uwanda wa watu wote. Njia za ndege zimebaki vilevile, lami pana, watoto wapanda baiskeli pale pale ndege zilipotua na makaa na unga wakati Berlin Magharibi ilipozingirwa 1948. Upepo ni mkali, mama achukue kitenge cha kujifunika. Kandoni, Columbiadamm, kuna msikiti wa Şehitlik wenye minara miwili, mzuri sana ndani.

Kutoka: Kaka wa Reading

Samahani kuingilia. Mimi nina kibali cha kudumu cha Uingereza, pasipoti ya Kenya. Si naweza kwenda bila viza?

Kutoka: Mama Tatu, Wedding

Hapana, kaka. Kibali cha Uingereza hakifungui mlango wa Schengen. Omba viza kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Miadi ndiyo taabu, na maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla, kwa hiyo usingoje. Ukija kwa ndege, uwanja wa ndege wa Berlin, BER, uko ukanda C wa nauli: nunua tiketi ya ABC, ya AB itakutia kwenye mikono ya hao wakaguzi.

Kutoka: Mzee wa Steglitz

Nyongeza moja, halafu nanyamaza. Tramu M10 ikitoka makumbusho ya mjusi inawafikisha hadi kumbukumbu ya Ukuta, Bernauer Straße. Ni bure, ipo wazi, na inaeleweka kuliko ule ukuta wa michoro wa East Side Gallery. Barabara ya Brunnenstraße inakatiza hapo. Ishukeni hadi namba 193, mwangalie chini: kuna kibamba cha shaba kimepachikwa njiani, chenye jina la Mahjub bin Adam Mohamed, kwa Wajerumani Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, na 1929 akaja Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hawakumpa. Akabaki, akawa mhudumu wa mkahawa, akafundisha Kiswahili, akacheza filamu. Wanazi wakamkamata 1941 kwa kosa la kupendana na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na huko alifariki Novemba 1944. Kibamba ni kidogo kama kiganja. Kikiwa kimechakaa, kisugueni na kitambaa.

Kutoka: Baba Asha, Almere

Tumerudi salama, asanteni wote. Kuba tulikosa nafasi Jumamosi, tukapata Jumapili usiku. Polisi kwenye treni walikuja kweli, pasipoti ya mama waliigeuza ukurasa kwa ukurasa kisha wakamtakia safari njema.

Mjusi: watoto walikimbilia miiba, kama alivyosema Mama Tatu. Mama alikaa kwenye benchi, akauliza maji waliyapata wapi njia nzima ile. Nikamwambia sijui. Akasema babu yake alikuwa akitaja "kazi ya mawe", naye siku zote alidhani ni barabara. Sasa anataka tuandike majina ya wazee wote wa upande ule kabla hajaondoka, tumeanza juzi.

Lifti kituo kimoja ilikuwa mbovu, tukapanda basi. Basi 100 kutoka Zoo hadi Alexanderplatz ni matembezi tosha kwa tiketi ile ile: linapita bungeni na kwenye makumbusho makubwa, na ukiwahi siti ya juu mbele watoto hawagombani. Kama kuna anayejua, unga wa ugali mweupe Wedding unapatikana duka lipi? Shemeji wa Hannover anauliza.

Kutoka: Mama Tatu, Wedding

Müllerstraße, maduka ya Waafrika yapo kadhaa, uliza kwanza kama ni wa mahindi meupe maana mwingi ni wa muhogo au semolina. Akija Berlin aniandikie pembeni, nitampeleka mwenyewe.