Naomba ushauri: Kilimanjaro kwa njia ya Marangu siku 6 au Machame siku 7 kwa watu wa pwani?

Wakuu, habari za leo. Tupo wanne hapa Mtwara mjini, tunapanga kupanda Kilimanjaro. Miguu haina shida, mazoezi tunapanda kona za Newala na mabegi ya kilo 8. Hofu ni hewa nyepesi ya juu: Newala penyewe hapafiki mita 1,000, Kibo Hut, kituo cha mwisho cha kulala njia ya Marangu kabla ya kilele, ni kama 4,700. Wakala anatusukumia Marangu siku 5 kwa sababu ya bei. Mimi nataka 6, tulale kituo cha Horombo (mita 3,720) mara mbili, mchana wa katikati tupande hadi miamba ya Zebra Rocks juu yake na kushuka, ili mwili uzoee.

Je, hiyo inatosha, au tuhamie Machame siku 7? Pia mwenzetu ana aleji ya salfa. Wenye aleji hiyo, daktari aliwaandikia nini badala ya Diamox (dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ya jamii ya salfa)?