Tupeane uzoefu: Ukurasa gani wa The Hunger Games ulikufanya ufunge kitabu?

Mwenye uzi
Wakuu, habari za muda huu. Humu ndani tutatoboa siri za kitabu, ambaye hajamaliza asije akanilaumu.

Wiki iliyopita nimerudia The Hunger Games ya Suzanne Collins kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 17, nikakimaliza kwa siku mbili. Kwa wasiokijua: nchi inaitwa Panem, ina Capitol inayokula na kusaza, na wilaya 12 zinazoilisha. Kila mwaka kila wilaya inatoa kwa kura msichana mmoja na mvulana mmoja, umri kuanzia miaka 12 hadi 18. Wanaingizwa uwanjani 24 wauane, abaki mmoja, na nchi nzima inalazimishwa kutazama kwenye televisheni.

Safari hii mizinga ndiyo iliyoniweza. Mtoto akifa, unalia mzinga. Siku ya kwanza inalia 11. Katniss, binti wa Wilaya ya 12 anayetusimulia, amesimama msituni anahema huku anahesabu, na mimi kitandani nahesabu naye: 24 toa 11, wamebaki 13. Nikashusha pumzi, nikasema "afadhali wamepungua". Nilisema kwa sauti kabisa, niko peke yangu chumbani. Hapo ndipo nikajishtukia. Watoto 11, wengine hata majina hatukupewa, na mimi nashukuru kama mtu aliyekaa kwenye kochi huko Capitol. Nikafunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Nani mwingine yamemkuta? Wapi?

Mama wa wawili
Mimi nilikitoa chumbani kwa binti yangu. Nia ilikuwa kukikamata, si kukisoma. Jalada jeusi, ndege wa dhahabu ameshika mshale, nikasema hapa pana jambo.

Watu wengi watakwambia walilia pale Katniss anapojitolea kwenda badala ya mdogo wake Prim. Mimi pale nilipita. Nilikwama kwa mama yao. Mume kafa kwenye mlipuko mgodini, Katniss ana miaka 11, mama anakaa tu anatazama ukuta huku watoto wanakaribia kufa njaa. Nilimchukia yule mama jamani! Halafu siku ya kuagana, Katniss anamkaripia kwamba safari hii hana ruhusa ya kupotea tena, Prim atabaki na nani.

Niliwahi kuwa na mwaka wa namna hiyo baada ya msiba. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, na najua nani alikuwa anamwogesha mdogo wake. Kitabu nilikirudisha palepale nilipokitoa, ila alama yake ya ukurasa niliiweka vibaya, akajua. Hajasema kitu, na mimi sijasema.

Mwalimu wa hesabu
Shikamoo mama. Umenigusa.

Mimi nilikwama kwenye namba, si mnajua ugonjwa wetu. Ukifika miaka 12 jina lako linaingia kwenye kura mara moja, 13 mara mbili, hadi 18 mara saba. Mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake, na kwa kila karatasi ya ziada anapewa nafaka na mafuta kiduchu ya mtu mmoja kwa mwaka. Karatasi hazifutwi, zinalimbikizwa. Katniss alianza na 4: moja ya lazima, tatu za chakula chake, cha mama na cha Prim. Akiwa na miaka 16 anazo 20. Rafiki yake Gale, miaka 18, familia ya watu watano, anazo 42. Prim, ambaye dada yake alimkataza kabisa kuchukua chakula kile, ana 1. Inachomoka ya Prim.

Nililipeleka hili darasani kwenye mada ya uwezekano. Sijawahi kuona darasa limetulia vile, hadi wa nyuma walikuwa wanapiga hesabu za Gale. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama mwenye 42 kapona na mwenye 1 kachomoka, sasa hesabu yetu imesaidia nini?" Nikamwambia uwezekano mdogo si sawa na hakuna uwezekano. Jibu sahihi kabisa, na halikumridhisha hata kidogo. Wiki iliyofuata mzazi mmoja akalalamika kwamba nafundisha mauaji, nikaambiwa nitumie kete na sarafu kama wenzangu. Sikushangaa sana. Marekani kwenyewe chama cha maktaba kilikiorodhesha miongoni mwa vitabu vilivyopingwa zaidi mwaka 2010, kikakirudia 2011.

Msomaji wa usiku
Rue, yule mtoto wa miaka 12 wa Wilaya ya 11 aliyeungana na Katniss uwanjani. Sina la kuongeza.

Haya, ninalo. Si maua ambayo Katniss alimzungushia alipokufa. Ni ule mkate ulioshuka baadaye kutoka Wilaya ya 11. Watu wasio na kitu walichanga kumnunulia Rue, Rue kafa, wakasema basi apewe yule aliyekaa naye hadi mwisho. Nilikuwa safarini, abiria wa pembeni akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia ndiyo.

Na filamu ilipotoka 2012, wapo wasomaji waliokasirika eti kwa nini Rue ni mweusi. Kitabu kimeandika wazi ana ngozi ya kahawia iliyokolea. Mtu amelia kwa ajili ya mtoto kurasa nzima, kumbe hakumsoma.

Mbishi wa kudumu
Naona mnalia tu humu. Mapenzi ya Katniss na Peeta, yule mvulana wa wilaya yake, mbona hamyasemi? Mimi yaliniboa. Watu wanawindwa, nyie mnabusiana pangoni.

Naandika kidogo
Mkuu, rudia lile pango taratibu. Haymitch, mlezi wao, ndiye anayeamua zawadi za wadhamini, yaani watazamaji wanaolipia, zishuke lini. Katniss anambusu Peeta mgonjwa, mara unashuka mchuzi. Anaelewa papo hapo: busu moja, chungu kimoja. Anabusu kwa ajili ya mchuzi, Peeta anadhani anapendwa, na sisi tulioomba wapendane ndio tuliolipia chungu. Mimi nilifunga kitabu hapo kwa aibu.

Jambo jingine ni la ufundi. Katniss anasimulia kwa wakati uliopo: nakimbia, napanda, natoka damu. Angesema "nilikimbia", ungejua tangu ukurasa wa kwanza kwamba alipona, yuko mahali anakuhadithia. Nimejaribu kuandika hadithi yangu hivyo, kurasa sita nikasalimu amri. Kila sentensi inakudai.

(Halafu wale watoto mnawaitaje kwa Kiswahili? "Washiriki" naona ni neno la Capitol lenyewe. Mimi nasema kafara.)

Mwenye uzi
Kafara. Nalichukua hilo.

Mpita njia
Mimi sikufunga kitabu, nilikifungua tena. Mwaka 2014 baada ya mapinduzi Thailand, waandamanaji walinyoosha vidole vitatu kama watu wa Wilaya ya 12, na wengine wakakamatwa kwa hilo. Nikarudi kutafuta ile ishara ina maana gani kwenye kitabu. Ni ya mazishini: asante, na kwaheri kwa unayempenda.

Dada mkubwa
Nimewasoma wote, hakuna aliyefika kitabu cha tatu cha mfululizo huu, Mockingjay? Au mmekwepa?

Mimi ni wa kwanza kwetu, nina mdogo mmoja. Prim alipokufa kwa mabomu nilikitupa kitabu kikagonga kabati. Vitabu vitatu nimebeba mtoto mgongoni ili afie pale! Nilikaa miezi sijakigusa, nikisema mwandishi ametudhulumu.

Nilipokirudia sikulia kwenye mabomu. Nililia kwa paka. Mnamkumbuka Buttercup, yule paka mbaya ambaye Katniss alitaka kumzamisha kwenye ndoo siku Prim alipomleta? Mwishoni anarudi kwa miguu hadi Wilaya ya 12, kakonda, anamtafuta Prim. Katniss anamrushia mto, anampigia kelele kwamba hayupo, ondoka, hayupo. Paka naye analia. Usiku anakuja kukaa pembeni yake, anamlinda hadi asubuhi.

Mbishi wa kudumu
Dada, yule paka nilikuwa nimemsahau makusudi.