Ni nini hasa kilichoyadhoofisha majarida ya vifaa vya sauti na sinema za nyumbani?

Msikivu (swali):
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba kueleweshwa jambo ambalo hunijia kila ninapofungua nakala zangu za zamani. Majarida yaliyohusu amplifaya, spika, santuri na sinema za nyumbani yalikuwa mengi, lakini mengi kati ya hayo hayapo tena. High Fidelity, lililoanzishwa Marekani mwaka 1951, lilikoma mwaka 1989; Audio likafuata mwaka 2000; na Home Theater likaunganishwa na Sound & Vision mwaka 2013. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba intaneti ndiyo iliyoyamaliza. Jibu hilo halinitoshi, kwa kuwa High Fidelity lilikufa kabla watu wa kawaida hawajaijua intaneti. Je, chanzo ni nini, na je, tulichopoteza kimepata mbadala wake?

Fundi wa Spika:
Ndugu Msikivu, tuanze na fedha. Jarida la aina hii halikuendeshwa na bei iliyoandikwa kwenye jalada. Liliendeshwa na matangazo ya watengenezaji na ya maduka. Zamani mpenzi wa muziki alinunua kicheza santuri, tuna ya redio, deki ya kaseti, amplifaya na spika, pengine kila kimoja kutoka kampuni tofauti, na kila kampuni ilikuwa na washindani ambao nao walihitaji ukurasa wa tangazo. Muziki ulipohamia kwenye iPod kuanzia mwaka 2001, na baadaye kwenye simu, mlolongo huo wote ukabaki kifaa kimoja na jozi ya visikilizio. Maduka nayo hayakusalimika. Circuit City, iliyokuwa miongoni mwa minyororo mikubwa ya maduka ya vifaa vya elektroniki nchini Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Novemba 2008, na mwaka uliofuata maduka yake yote yakawa yamefungwa. Mtangazaji akishaondoka, mhariri hana cha kumlipa mpiga chapa.

Bi Santuri:
Ninakubaliana na Fundi kuhusu matangazo, ila hoja hiyo haielezi kwa nini baadhi ya majarida yalidumu. J. Gordon Holt alipoanzisha Stereophile mwaka 1962, mwanzoni alitegemea fedha za wasomaji badala ya matangazo, akataka kifaa kihukumiwe kwa kusikilizwa na si kwa takwimu za kiwandani pekee. Jarida hilo liliwachosha wasomaji wake kwa kuchelewa kutoka, lakini limeishi kuliko High Fidelity na Audio.

Kwa maoni yangu, tofauti kubwa iko kwenye aina ya kifaa. Amplifaya au spika nzuri hukaa sokoni miaka mingi, kwa hiyo tathmini iliyochapishwa miezi mitatu baada ya majaribio bado humfaa mnunuzi. Televisheni haina subira hiyo, kwani modeli hubadilishwa karibu kila mwaka, na kufikia wakati kifaa kinapimwa, makala inahaririwa, inachapwa na kufika kwa msomaji, modeli mpya huwa imekwisha kutangazwa. Ndiyo maana naamini majarida ya picha yaliumia zaidi kuliko yale ya sauti.

Mpima Mawimbi:
Ningependa kujibu sehemu ya pili ya swali, kwa sababu ndiyo inayoniuma. Habari za vifaa vipya tunazipata kwa wingi kuliko wakati wowote. Kilichopungua ni vipimo vilivyofanywa kwa utaratibu uleule, na watu walewale, kwa miaka mingi.

Chukueni mfano wa spika ambayo kibandiko chake kinasema omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia mkondo wa umeme; omu zikipungua, amplifaya hulazimika kutoa mkondo mwingi zaidi). Katika tathmini iliyofanywa vizuri, grafu ya ukinzani ilionyesha kwamba kwenye masafa fulani ya besi spika hiyo inashuka hadi omu 3, na papo hapo msomaji alielewa kuwa amplifaya yake ndogo ingepata joto kupita kiasi au ingejizima sauti ikipandishwa. Kwa kuwa spika zote zilipimwa kwa njia ileile, grafu ya mwaka huu iliweza kuwekwa kando ya ile ya miaka kumi iliyopita. Wapo wanaopima na kuchapisha mtandaoni leo, na baadhi yao ni hodari kweli, lakini wengi hawaelezi maikrofoni ilikuwa umbali gani wala chumba kilikuwa cha namna gani.

Msikivu:
Nawashukuru nyote. Mpima Mawimbi, je, kwa anayenunua vifaa vilivyotumika, vipimo vya majarida ya zamani bado vina faida?

Mpima Mawimbi:
Vina faida kubwa, ndugu yangu. Kwa spika, anza na grafu ya ukinzani kisha utazame unyeti wake, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa kiasi fulani cha umeme. Kwa amplifaya, linganisha wati zilizopimwa kwenye omu 8 na zile za omu 4. Zikikaribia kuongezeka maradufu, ugavi wake wa umeme una nguvu. Kumbuka tu kwamba kapasita (vipuri vya ndani vinavyohifadhi chaji ya umeme) huzeeka na sponji ya ukingo wa spika huoza, hivyo namba zile zinaeleza kifaa kilivyokuwa kikiwa kipya. Mpelekee fundi akikague kabla hujalipa.