Naomba ushauri: wanafunzi wa utalii wanaishia kufua mashuka

Habari zenu wanajamvi. Nafundisha utalii endelevu chuo kikuu, huku magharibi mwa Uganda. Kila likizo tunawapeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo, nao hurudi na hadithi ileile. Mwaka huu hoteli moja iliwaweka wiki 8 wakifua mashuka na kubeba mizigo. Kufua si dhambi, ila hawakuja chuoni kwa hilo.

Darasani Bwindi wanaijua kwa kukariri: hifadhi ya taifa tangu 1991, wageni 8 kwa kundi, saa 1 tu na gorila. Muulize mmoja wao sasa ile asilimia 20 ya viingilio inayotengewa majirani wa hifadhi inamfikiaje mkulima aliyeliwa mahindi na nyani, au Wabatwa, wakazi wa asili waliotolewa msituni humo, waliambulia nini. Anatazama dari.

Nawaza kuwapeleka Bigodi, kando ya hifadhi ya Kibale, ambako wanakijiji wenyewe huwatembeza wageni kwenye kinamasi na mapato husaidia shule. Wakae na wenyeji, washike daftari la hesabu, wapange bei. Tatizo mkuu wangu anataka barua yenye mhuri wa hoteli, basi.

Aliyewahi kufanya hivi anisaidie: mwenyeji mnamlipa nini? Maksi mnatoaje bila msimamizi rasmi? Na Kiswahili je, nikiwabana wakijue ili wapate kazi hata Arusha, nitakuwa nawaonea? Wengi wao wanakikimbia kama ugonjwa.