Binti yuko kidato cha nne kwa masista, masomo yamehamia kwenye simu. Nilipe ada au nimhamishe?

Baba Happy (Ijumaa, 22 Mei 2020)
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri, huu ni usiku wa tatu sijalala.
Binti yangu yuko kidato cha nne, shule ya bweni ya masista. Tangu shule zifungwe Machi 17 kwa ajili ya corona tuko naye nyumbani, Machame. Baada ya Pasaka masista wakaanzisha kundi la WhatsApp. Sista wa Hisabati anakokotoa kwenye karatasi, anapiga picha, anatuma, halafu anaeleza kwa sauti hatua kwa hatua. Saa sita mchana inakuja sala ya Malkia wa Mbingu, jioni mazoezi. Mtoto anasoma kweli, nashuhudia.
Sasa shule imeomba nusu ya awamu ya pili ya ada, 225,000, mwisho Jumatatu, ili walimu walipwe. Jana Rais ametangaza vyuo na kidato cha sita warudi Juni 1. Kidato cha nne hawakutajwa. Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, kazi hakuna. Nilipe, au nimpeleke shule ya kata? Natanguliza shukrani.

Mrombo Halisi
Usilipe. Mtoto anakula ugali wako, analala kwenye kitanda chako, taa ni yako. Ada ya nini?

Ticha Kemia
Mrombo, ada ya mimi hapa. Nafundisha shule binafsi, mshahara wa mwisho niliupata Machi. Sasa hivi nafuga kuku wa nyama, na usiku nasahihisha madaftari yaliyopigwa picha gizani hadi macho yanauma. Kuna mwanafunzi anapanda mti wa mwembe ili apate mtandao, naye ndiye wa kwanza kutuma majibu. Jaribio la maabara la titresheni lakini siwezi kumfundisha kwa simu, lazima ashike bureti, ule mrija wa kupimia kemikali, mwenyewe.
Baba Happy, kidato cha nne ameshasajiliwa mtihani kwenye kituo cha shule yake. Kumhamisha Mei hii ni kumtafutia mtoto matatizo.

Mama Kibosho
Mimi nina hofu na hiyo simu. Binti wa miaka 17, simu usiku, nyumba moja na bando! Wangu nilimpa kwa ajili ya masomo, nikamkuta anaongea na kijana wa bodaboda saa saba. Wazazi tuamke. Redioni na kwenye runinga kuna vipindi vya masomo, vinatosha.

Baba Happy
Mama Kibosho, simu inalala chumbani kwangu. Vipindi nimejaribu, ila redio haikusahihishii daftari.

Mtoto wa Kondakta
Mkuu, ngoja. Huna kazi, lakini simu ya tachi ipo na bando lipo. Ulinunua kwa hela gani?

Baba Happy
Simu ilishanunuliwa, si hoja. Naulizia ada.

Mtoto wa Kondakta
Hapo hapo ndipo penye hoja. Na hiyo 225,000 unayouliza ulipe au usilipe, iko wapi sasa hivi?

Baba Happy
Sawa, naeleza.
Mimi ni mhazini wa jumuiya yetu ndogondogo ya Kikristo. Tulichanga 520,000 za kununua turubai na viti vya plastiki, maana kila msiba tunakodi. Corona ilipoingia tukasimamisha ibada za jumuiya, fedha zikabaki kwangu. Nilitoa 230,000 nikanunua simu. Zimebaki 290,000, ndizo nilizofikiria kulipia ada. Nimeandika kila shilingi kwenye daftari. Sijaiba. Nitarudisha wageni wakirudi mlimani, na ndege za kimataifa zimeshafunguliwa wiki hii. Na kuna mabinti wawili wa jumuiya hiyohiyo wanaosoma shule moja na wangu, kila siku wanakuja kunakili masomo kwenye simu hiyo. Kwa hiyo si yangu peke yangu.

Mama Kibosho
Yesu na Maria! Hela ya msiba?

Mrombo Halisi
Mabinti watatu kwenye simu moja, na barakoa wanavaa? Huo nao ni mkusanyiko.

Shemeji wa Moshi
Wakuu, mnapigwa chai. Mimi nimeishi Moshi miaka kumi. Aprili na Mei ni masika, mlima huwa mtupu kila mwaka, corona iwepo isiwepo. Pili, masista gani wanaoruhusu wanafunzi simu? Shule hizo hata kitochi ni kosa la kufukuzwa. Mwisho wa uzi huu italetwa namba ya kutumiwa mchango.

Mtoto wa Kondakta
Duh, hapo kwenye masika pana mantiki. Mleta uzi, jibu.

Baba Happy
Masika naijua kuliko wewe, nimebeba mizigo geti la Machame tangu 2009. Mpagazi anaishi masika kwa akiba ya Januari na Februari, na kwa ahadi ya Juni. Mwaka huu Machi wageni walikatishwa safari, na makundi yangu yote mawili ya Juni yamefutwa. Ndiyo tofauti. Simu shuleni ni marufuku hadi leo, Sista Mkuu ameandika kwenye kundi kwamba ni kwa kipindi hiki tu na iwe mikononi mwa mzazi. Namba sitaweka. Sijaomba hela ya mtu hapa.

Shemeji wa Moshi
Tutaona.

Katibu wa Kigango
Baba Happy, mimi nakuamini, na hata kama ni chai, yupo mhazini mwingine anayesoma hapa. Hiyo 290,000 usiiguse. Ibada za jumuiya zinaanza tena lini?

Baba Happy
Kesho asubuhi. Kwetu ndiyo ya kwanza tangu Pasaka.

Katibu wa Kigango
Basi nenda kwa mwenyekiti usiku huu huu, na daftari na fedha zilizobaki mkononi. Asisikie kwa mtu mwingine. Jumatatu muone Sista Mkuu ana kwa ana, omba kulipa kidogokidogo. Masista wamezoea ada ya awamu, hata ya mkungu wa ndizi wamewahi kupokea. Usimtoe mtoto.

Baba Happy (Jumamosi, 23 Mei)
Nilikwenda saa tatu usiku. Mwenyekiti alihesabu zile 290,000 mara mbili, akalifungia daftari kabatini kwake. Hakunifokea, na hilo liliniumiza zaidi. Asubuhi nimesimama mbele ya wanajumuiya nikasema mwenyewe. Mama mmoja, aliyefiwa na mumewe Februari tukamkodia turubai, ametoka kabla sijamaliza. Nimepewa hadi Desemba kurudisha, na umhazini nimevuliwa.
Kuhusu simu bado hawajaamua. Wengine wanataka iuzwe. Wazazi wa wale mabinti wawili wamekataa.
Jumatatu naenda kwa Sista.